Barua ya Uria na mawe ya Shinkolobwe

Tangu Goma ilipoanguka mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu kuifuata katikati ya mwezi wa pili, swali la silaha limeingia katika kila nyumba. Serikali inunue droni zaidi? Vijana wetu wajiandikishe jeshini? Mchungaji akiomba, aombee ushindi au aombee amani? Ndugu zetu wa Kivu wanauliza haya huku wakisikia risasi. Sisi wa Katanga tunayauliza kutoka mbali, na umbali huo unatudanganya. Unatufanya tuone kwamba silaha ni jambo la watu wengine: zinatengenezwa ng'ambo, zinapigwa Kivu, na sisi tunatazama kwenye simu.

Hapa Mokambo, mpakani na Zambia, ni vigumu kuamini hivyo kwa muda mrefu. Makamyo yanapita mbele yetu yamebeba shaba na kobalti, yanaelekea Mufulira na kutoka huko hadi bandari za mbali kama Dar es Salaam na Durban. Mwezi wa nane 2024 Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache. Chanzo kilikuwa ugomvi wa bia na vinywaji baridi (ndiyo, bia), lakini wafanyabiashara wa madini wa dunia nzima walishtuka. Siku hizo tulielewa kwamba kijiji chetu kidogo ni mlango mkubwa.

Kijana mmoja wa kanisa letu ni msaidizi wa dereva wa kamyo. Katika funzo la Biblia alituuliza: kama kobalti anayoisindikiza inaishia ndani ya injini ya ndege ya vita, yeye ana sehemu gani mbele za Mungu? Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu swali hilo Katanga imelibeba zaidi ya miaka 80 bila kulisema kwa sauti. Ili kulijibu inabidi kwanza twende Shinkolobwe.

Shinkolobwe iko karibu na Likasi. Mwaka 1915 mawe yenye urani yalivumbuliwa hapo, na kuanzia 1921 kampuni ya Wabelgiji, Union Minière du Haut-Katanga, ilianza kuyachimba. Wakati ule urani yenyewe haikuwa na thamani kubwa. Walichotafuta ni radiamu, iliyotumiwa na waganga kutibu kansa, na iliuzwa kwa bei ya kutisha. Mawe yalisafirishwa hadi Ubelgiji, radiamu ikatolewa, na urani ikabaki kama kitu cha pembeni. Ni vizuri kukumbuka hili: shimo lile lilifunguliwa kwa ajili ya dawa.

Kisha wanasayansi wa Ulaya wakagundua kwamba kiini cha urani kinaweza kupasuliwa na kutoa nguvu kubwa mno. Tarehe 2 mwezi wa nane 1939 Albert Einstein aliweka sahihi barua kwa rais Roosevelt wa Marekani, kumwonya kwamba Wajerumani wanaweza kutengeneza bomu la namna mpya. Ndani ya barua hiyo imetajwa nchi yetu, Kongo ya Wabelgiji, kuwa ndiyo chimbuko kubwa la urani. Mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, naye alikuwa ameonywa. Mwaka 1940 alituma New York tani 1,200 hivi za mawe ya Shinkolobwe, nazo zikakaa ndani ya ghala kwenye kisiwa cha Staten. Mwezi wa tisa 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alikwenda kumwuliza Sengier kama anaweza kupata urani ya Kongo. Akajibiwa kwamba tayari iko New York.

Baada ya hapo shimo, ambalo lilikuwa limefungwa na kujaa maji, lilifunguliwa tena. Wachimbaji wa Kikongo walichagua mawe kwa mikono. Yalitiwa ndani ya mifuko, yakapanda treni hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, yakashuka kwa mtumbwi mkubwa wa mizigo hadi Léopoldville, yakapanda treni tena hadi Matadi, kisha meli. Shinkolobwe ilifanywa siri. Mawe ya sehemu nyingine za dunia yalikuwa na urani kidogo sana ndani yake. Ya kwetu yalikuwa tajiri kuliko yote yaliyojulikana, na sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa Marekani ilitoka hapa. Tarehe 6 mwezi wa nane 1945 bomu lilidondoshwa Hiroshima. Ndani yake mlikuwa na kilo 64 hivi za urani, uzito usiozidi sana mfuko mmoja wa simenti. Hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa, wengi wao raia: wanafunzi, akina mama, wazee, wagonjwa.

Mwaka 1946 Marekani ilimpa Sengier nishani. Vitabu vinavyosimulia habari hiyo vinataja jina lake, na la Nichols, na la Einstein. Ya wale waliochagua mawe kwa mikono hayamo.

Hapo ndipo tunapomkumbuka Uria. Wasomaji wetu wanaijua sura ya 11 ya kitabu cha pili cha Samweli, lakini mara nyingi tunaihubiri kwa ajili ya Bathsheba na dhambi ya uzinzi, na tunampita Uria haraka. Daudi aliandika barua kwa Yoabu, jemadari wake, akaagiza Uria awekwe mahali vita vinapowaka zaidi, wenzake warudi nyuma, yeye apigwe afe. Barua hiyo alimpa nani aipeleke? Uria mwenyewe. Alitembea na kifo chake mkononi, mtu mwaminifu, na hakukifungua.

Katika habari hiyo kuna watu watatu, na tofauti kati yao ni kubwa. Daudi aliandika. Uria alibeba bila kujua. Katikati yao yupo Yoabu: yeye hakuandika, lakini alisoma, akaelewa, akatekeleza. Nathani alipotumwa katika sura ya 12, alikwenda kwa mfalme, kwa yule aliyeandika. Uria halaumiwi popote katika Maandiko. Kuhusu Yoabu, habari yake inaendelea hadi kitabu cha Wafalme, na mwisho wake si mzuri.

Tunaileta habari hii kwa sababu kuna neno linalosemwa sana katika mabishano ya siku hizi, hata na watumishi wa Mungu: kwamba silaha ni chombo tu, kisu kinakata nyama na kinaua mtu, kosa ni la mkono. Neno hilo lina ukweli wake. Mawe yaleyale ya Shinkolobwe yalitoa radiamu ya kutibu kansa. Mwaka 1959, kwenye kilima cha chuo kikuu cha Lovanium, Léopoldville, kulizinduliwa mtambo wa kwanza wa nyuklia katika Afrika, kwa ajili ya utafiti na masomo. Chombo kina sura nyingi.

Lakini tukisema "kosa ni la mkono", Katanga inapaswa kuuliza: mkono upi? Mkono uliochagua jiwe? Uliotia makaa ya treni? Uliosukuma mzigo Matadi? Silaha ya zamani, mkuki au upinde, mtu aliitengeneza na kuirusha mwenyewe, na jirani zake walimjua. Silaha ya leo inapita mikononi mwa watu maelfu, na karibu wote hawajui sentensi nzima. Kila mmoja ana herufi yake. Kwa hiyo swali la mkono halitoshi. Linafaa swali jingine: nani amesoma barua?

Makanisa ya Marekani, tuwape haki yao, yalijiuliza mapema. Baraza la Shirikisho la Makanisa ya nchi hiyo liliunda tume ya wanateolojia, mmoja wao akiwa Reinhold Niebuhr tuliyemsoma katika shule ya teolojia. Mwezi wa tatu 1946 tume hiyo ilitoa ripoti. Hawakukubaliana kama Mkristo anaweza kushika silaha: wengine walisema kamwe, wengine walisema vita vya kulinda haki vinaruhusiwa. Lakini juu ya Hiroshima na Nagasaki walisema kwa pamoja kwamba mapigo yale ya ghafla hayawezi kutetewa, na wakatubu kama Wakristo wa Marekani. Hilo lilisemwa miezi saba tu baada ya ushindi, nchi yao ikiwa bado inashangilia. Miaka miwili baadaye, 1948, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilipoanzishwa Amsterdam, lilitamka kwamba vita kama njia ya kumaliza ugomvi haipatani na mapenzi ya Mungu. Lakini nalo lilikiri kwamba waamini hawana nia moja juu ya kushika silaha.

Tunajua wako miongoni mwa wasomaji wetu wanaoshika kila mojawapo ya misimamo hiyo. Ndugu zetu Wamennonite wa Kasai na magharibi wamepokea mafundisho ya kukataa silaha. Wengi wetu wengine tulifundishwa mawazo yaliyoanzia kwa Agostino, askofu wa Afrika ya Kaskazini: kwamba serikali inaweza kupigana ili kulinda wanyonge, lakini si kwa kila njia, wala si kwa moyo wowote. Sisi tunasimama hapo. Nchi iliyovamiwa ina haki ya kujilinda, na hatuwezi kumwambia mama wa Masisi aliyekimbia mara tano kwamba askari anayemlinda anatenda dhambi. Katika Baraza la Usalama nchi zote zilipiga kura tarehe 21 mwezi wa pili 2025, kwa azimio 2773, kuitaka M23 iondoke katika miji iliyoteka na Rwanda iondoe askari wake katika nchi yetu. Haki ya Kongo katika jambo hili haina shaka kwetu.

Ila haki ya kujilinda haifungi swali la njia na la moyo. Torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 20, inawaruhusu Israeli kuuzingira mji, na palepale inawakataza kuukata mti wa matunda. Kama hata mti una mpaka wake wakati wa vita, si zaidi mtoto aliye sokoni?

Tutazame basi droni. Serikali yetu ilinunua droni za Kichina aina ya CH-4. Mwezi wa pili 2024 jeshi letu lilisema kwamba droni zilizotoka Rwanda zilipiga uwanja wa ndege wa Goma. Tangu hapo kila upande unaushutumu mwingine kwa kupiga raia kutoka juu, na anayeumia kijijini hana namna ya kujua ni nani aliyebonyeza. Video za mapigo hayo zinafika simuni mwetu siku hiyohiyo. Zina muziki. Watu wanaonekana kama sisimizi, kuna mwanga, kisha moshi, na chini yake vijana wa kanisa wanaandika "Amina". Tunaandika haya kwa uchungu. Wengi wa waliokuwa chini ya moshi ule ni Wakongo, na baadhi yao ni vijana waliokamatwa barabarani na kulazimishwa kubeba bunduki. Mithali, sura ya 24, inatukataza kufurahi adui anapoanguka, na haisemi kama adui huyo ameanguka kwa haki au bila haki.

Jambo la pili ni namna tunavyozoea. Mwezi wa tatu 2024 serikali iliondoa katazo la kutekeleza hukumu ya kifo, lililokuwa limedumu tangu 2003, na sababu iliyotolewa ni wasaliti jeshini na ujambazi mijini. Katika makusanyiko mengi jambo hilo lilipita bila neno. Mwezi wa kwanza 2025 Kanisa la Kristo katika Kongo pamoja na maaskofu wa Kikatoliki walipendekeza mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani, na mwezi uliofuata wajumbe wao walikwenda hadi Goma kuongea na viongozi wa AFC/M23. Hapo neno halikukosekana. Viongozi wetu waliitwa wasaliti na watu walewale wanaokaa kwenye mabenchi yetu. Inafaa kubishana kama safari ile ilikuwa na hekima. Sisi tunaona ilikuwa nayo. Lakini nchi ambayo kuongea na adui kunaitwa usaliti, na kumtazama akiungua kunaitwa burudani, vita vimeiteka hata katika miji ambayo hakuna risasi iliyolia.

Sasa turudi kwa kijana wetu na kobalti yake. Tulimjibu hivi, kwa utaratibu.

Kwanza, sehemu kubwa ya kobalti ya leo inakwenda kwenye betri za simu na za magari. Zaidi ya 70 kwa mia ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, na yeyote mwenye simu mfukoni huenda ana kipande cha Kolwezi au Likasi. Lakini si betri tu. Kobalti huchanganywa na metali nyingine ili kuvumilia moto mkali ndani ya injini za ndege, za abiria na za vita pia. Wazee wa Kolwezi wanakumbuka mwezi wa tano 1978, waasi walipoingia mjini na askari wa Ufaransa na Ubelgiji wakaja kwa ndege. Bei ya kobalti duniani ilipaa baada ya hapo, na watengenezaji wa injini za ndege za vita walianza kutafuta metali za kuchukua nafasi yake. Ndivyo walivyotutegemea. Na koltani ya Rubaya, kule Masisi, inatoa tantali inayotumika katika vifaa vidogo vya umeme: ndani ya simu, na ndani ya vyombo vya kuongoza silaha. M23 iliteka Rubaya mwishoni mwa mwezi wa nne 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika jinsi madini hayo yanavyotozwa ushuru na kuvushwa mpaka. Yaani jiwe linalipia bunduki, na baadaye jiwe hilohilo linaweza kurudi likiwa ndani ya silaha.

Pili, hakuna mtu hapa Mokambo anayeweza kujua mfuko huu utakuwa betri na ule utakuwa injini. Kobalti yetu nyingi inasafishwa Uchina, inachanganywa, na jina la shimo linapotea. Kijana anayefunga turubai ili alishe mke na watoto wawili hakuandika barua, wala hajapewa kuisoma. Tulimwambia waziwazi: wewe si Daudi, wala si Yoabu. Fanya kazi yako, usiibe mzigo, usimpe rushwa mtu wa forodha (hapo walicheka tena, na walikuwa na sababu).

Tatu, na hili hatukumwambia yeye bali tunaliambia kanisa. Baba zetu wa Shinkolobwe walikuwa Uria. Sisi si Uria tena kabisa. Tumesoma angalau nusu ya barua. Tunajua madini yetu yanahesabiwa na mataifa makubwa kama mali ya ulinzi wao. Tarehe 4 mwezi wa 12 2025, siku marais wa Kongo na Rwanda walipoweka sahihi mapatano mjini Washington, serikali yetu iliweka pia sahihi mkataba wa ushirikiano na Marekani unaogusa madini hayo. Amani na mawe viliwekwa siku moja mezani. Pengine ni lazima iwe hivyo. Hatusemi mkataba huo ni mbaya. Tunasema kwamba kanisa lenye shule, radio, na viongozi wanaopokelewa na rais, haliwezi kusema kama wachimbaji wa 1943 kwamba halikujua.

Na kuna mahali pa kuanzia. Amri ya tarehe 20 mwezi wa tano 2011 inaagiza kwamba mikataba ya madini, ya mafuta na ya misitu itangazwe kwa watu wote katika siku 60. Tume zetu za haki na amani zinaweza kuidai kwa barua, mkataba kwa mkataba, na kuomba isomwe kwa Kiswahili mbele ya watu wanaokaa juu ya mawe hayo. Tena, mwezi wa tisa 2017 Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuweka sahihi mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupiga marufuku silaha za nyuklia. Wakristo wachache wa Likasi wanajua hilo, nao ndio wangepaswa kulijua kabla ya wote. Shinkolobwe yenyewe ilikatazwa na serikali mwezi wa kwanza 2004, wakati wachimbaji wadogo walikuwa wakitafuta kobalti humo. Mwezi wa saba mwaka huohuo sehemu ya shimo ilianguka na kuua watu. Kila tarehe 6 mwezi wa nane Wajapani wanakumbuka wafu wao wa Hiroshima. Tumependekeza kwa wachungaji wenzetu wa Likasi kwamba Jumapili iliyo karibu na tarehe hiyo tuwakumbuke wafu wale pamoja na baba zetu waliochagua mawe, katika sala moja.

Hapa Mokambo tumebadilisha pia jinsi ya kuombea vita. Vijana watatu wa kanisa letu walijiandikisha jeshini mwaka 2025, rais alipowaita. Hatuombei tena "jeshi" kwa jumla. Tunawataja hao watatu kwa majina, kisha mama zao wanapewa nafasi kusema wanachotaka kiombewe. Mmoja anaomba mwanawe asiuawe. Mwingine aliomba, Jumapili iliyopita, kwamba mwanawe asipewe kazi ya kupiga asipoona anayempiga.

Mama wa tatu bado hajasema kitu. Tunangoja.